Mashine Inayodhani Bado ni Alhamisi

Zamani, yaani mwaka juzi,
mashine pepe ikizaliwa hapa Slough
ilianza na maswali ya mtoto:
nina kumbukumbu kiasi gani? diski yangu iko wapi?
jirani ni nani? ni saa ngapi?
Ikihesabu vidole vyake kimoja kimoja,
sekunde arobaini na moja,
na mteja huko aliko keshaondoka,
keshanunua viatu kwingine.

Harjinder akasema, ya nini kuzaa kila siku?
Tulee moja mpaka ipate akili
kisha tuipige picha
macho yakiwa wazi, sentensi ikiwa ulimini,
tuihifadhi vivyo hivyo.

Nilimwelewa upesi kwa sababu ya friji yangu.
Jumapili nakanda unga wa chapati za wiki nzima,
nasukuma, natenga kwa karatasi, nagandisha.
Jumanne narudi na mvua kwenye kola
na dakika sita baadaye nakula.
Si uchawi. Kazi ilifanyika,
ila ilifanyika Jumapili.

Basi tukalea moja. Harjinder akaiita Biji,
kama alivyomwita nyanya yake.
Biji akasoma maktaba zake zote, akapata joto, akatulia.
Saa tisa na dakika nne, usiku wa Alhamisi,
tukamgandisha.

Sasa zinaamka kabla hujapepesa.
Mia mbili, mia tatu kwa mkupuo,
zote zikisoma ukurasa uleule mmoja wa kumbukumbu
kama darasa lenye kitabu kimoja.
Hakuna inayopewa nakala yake
mpaka itake kuandika.
Isiyoandika haina gharama.
(Hilo nililiandika kiganjani. Likaenda na sabuni.)

Lakini ziamkapo, loo!
Nje theluji imelala juu ya magari, ni Februari,
zenyewe zinashikilia ni Alhamisi ya Oktoba.
Kazi ya kwanza ni kuziambia saa.
Ya pili, kuzitenganisha bahati:
usiku ule wa mwanzo mapacha wawili walirusha dadu,
mmoja akapata sita, tatu, sita, moja,
na mwenzake, chumba cha pili,
sita, tatu, sita, moja,
wakawapa wateja wawili ufunguo mmoja.
Harjinder alikaa sakafuni na koti lake.
"Kila moja ichochewe upya," akasema,
"hata kwa tone la kelele."

Ya tatu ndiyo inayonichelewesha kwenda nyumbani.
Kuna uzi Biji alikuwa ameushika alipogandishwa;
seva fulani upande wa pili ilikuwa katikati ya kumjibu.
Kila nakala inaamka na uzi ule mkononi,
inasema *naam, endelea*,
na upande wa pili ulishakata tangu Oktoba.
Inangoja dakika mbili nzima, kwa adabu.
Dawa yake ni mstari mmoja: ukiamka, achia.
Nimeifungua faili hiyo mara tatu.

Alhamisi ileile nilikuwa kwenye simu na Mbwarali,
kaka yangu, aliye Lindi.
Alikuwa ameanza, "Kuhusu lile paa, mimi naona,"
kengele ya kazini ikalia,
nikamwambia subiri, nakupigia sasa hivi.

Usiku huu nimempigia.
Huko kwao saa kumi na mbili, jogoo wa jirani hana breki.
Nikasema, bila hata salamu,
"Naam, endelea. Kuhusu paa."
Kimya. Nikasikia akivuta kiti.
"Paa lipi?" akasema. "Tuliezeka Desemba.
Mvua imeshapiga, halivuji.
Wewe huko leo ni siku gani?"

Nikatazama ukutani. Nikamwambia siku, na tarehe,
na saa, na dakika.
Kisha nikamuuliza hali.